Siku Mama Alipopanga Foleni

Nikisema mimi ni daktari wa akili, watu wa huku hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama wanasogeza kiti nyuma kidogo, ama wanakisogeza mbele na kuanza kunisimulia habari za shemeji yao. Wa kusogea mbele ndio wengi. Nimesimuliwa habari za mashemeji harusini, nimesimuliwa kanisani sadaka ikipita, na siku moja nilisimuliwa nikiwa nimelazwa kwenye kiti cha kung'olea meno, mdomo wazi, siwezi hata kusema "mlete kliniki." Aliyekuwa akisimulia ni daktari wa meno mwenyewe.

Nilizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi katikati ya mashamba ya chai, upande wa Kericho. Baba alikuwa fundi kiwandani na mama alikuwa mchuma chai. Wote wawili walipanda huku kutoka ziwani, upande wa Kisumu, wakiwa vijana, wakisema watakaa kidogo tu, na ule udogo ukawa maisha yao yote. Mimi nikaenda kusoma, nikarudi, na sasa katika hospitali yetu ya kaunti daktari wa akili ni mimi peke yangu. Ukitaka mwingine, funga safari ya Kisumu au ya Nakuru.

Sasa, kazi yetu ina miongozo. Watu hudhani daktari wa akili anakaa tu anakutazama machoni mpaka siri zako zinatoka zenyewe. Ng'o! Kuna mwongozo wa dawa gani ianze, wa dawa gani ipunguzwe na kwa mwendo gani, wa kuzungumza na mama aliyejifungua juzi, na wa daktari mwenyewe: akae wapi, aulize nini, apokee nini. Mimi naipenda miongozo. Nina hasira za karibu, na mtu mwenye hasira za karibu anahitaji kitu cha kumtuliza kabla hajafungua mdomo. Lakini walioiandika, Mungu awabariki, hawakuwahi kufanya kliniki katika nchi ya chai.

Chukua lile jambo la zawadi. Mwongozo unasema daktari asipokee zawadi kwa mgonjwa, isipokuwa kitu kidogo cha shukrani ambacho kukikataa kungemvunjia heshima. Haya, niambie kidogo ni nini. Mtu wa Londiani kwake gunia la viazi ni kitu kidogo, tena analileta akiomba radhi kwamba msimu haukuwa mzuri. Kogo mmoja, bibi wa Kikipsigis wa kutoka Bomet, aliniletea kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kulala yenye masizi ya mti, kisha akakaa kitini akiningoja ninywe mbele yake. Nikamwambia mwongozo hauruhusu. Akauliza huyo Mwongozo ni nani, ni wa ukoo gani, na kama hana mama. Nikanywa. Yalikuwa matamu, na sitaomba msamaha kwa mtu.

Au lile la kumwona mgonjwa peke yake. Mgonjwa wa Mulot haji peke yake. Anakuja na baba, na mjomba, na jirani aliyeshuhudia, na mchungaji wa kuomba kabla na baada, na mzee mmoja ambaye hakuna anayejua vizuri amekuja kwa nini, ila alikuwa amesimama stejini akingoja matatu akaambiwa apande. Nikiwaomba watoke nje kidogo, wanatoka wote pamoja na mgonjwa. Nabaki na viti.

Na faragha je? Chumba changu kilikuwa stoo. Walikigawa kwa plaiwudi, upande mmoja mimi, upande wa pili benchi la wanaongoja. Nikalalamika mpaka wakachoka na mimi, wakaniletea pazia. Pazia, jameni! Lile pazia nililigombeza kama vile lina masikio. Aliyetuokoa ni muuguzi wetu wa akili, kijana mrefu wa kutoka Kedowa, mpole, asemaye polepole mpaka unataka kumsukuma. Alileta redio ya nyimbo za injili akaiweka pale nje kwenye benchi, na tangu hapo wanaongoja wanaimba na wanaoeleza shida zao wanaeleza. Mradi stima iko, tuna faragha.

Kuna mambo mawili lakini ambayo sikuyafanyia mzaha hata siku moja. La kwanza ni swali. Kila mgonjwa anayeingia mlangoni kwangu, awe analia au anacheka, lazima aulizwe waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Waziwazi, kwa neno lenyewe. Wanafunzi wanaokuja kujifunza kwetu hulizunguka. Wanasema, "Na mawazo mabaya hakuna, si ndiyo?" huku wanatikisa kichwa ili mgonjwa naye atikise. Nawafokea. Nawaambia hapo hujauliza, umembembeleza akudanganye. Ukiliuliza vizuri humwingizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi unamtua mzigo, maana alikuwa anangoja nani atamuuliza.

La pili ni kwamba daktari hatibu watu wake. Hili nililijua kabla ya kulielewa. Tulikutana Nakuru, madaktari wachache wa hospitali za kaunti, tuandike mwongozo mfupi unaoweza kubandikwa ukutani. Tulipofika hapo mmoja wetu, daktari wa huko kwenye ukame, akacheka. Akasema kwake ukitoa ndugu, binamu na wakwe, hamna mgonjwa anayebaki. Nikasimama na sambusa mkononi nikamjibu kwamba ndugu yako atakudanganya kuhusu ugonjwa wake, na wewe kwa sababu unampenda utakubali kudanganywa. Niliongea kwa ukali mpaka mwenyekiti akaomba tupumzike tunywe chai. Kifungu kikapita nilivyotaka. Nikarudi Kericho nikakibandika mwenyewe, juu ya meza yangu.

Basi ndipo mama akaugua.

Lazima nikueleze mama alivyokuwa ili unielewe. Mama alikuwa bingwa wa kulalamika. Baada ya baba kufariki, tukamzika kwao ziwani, mama alikaa kule muda uliompasa, kisha akasema joto litamuua naye, akarudi kuishi nami nje kidogo ya mji. Asubuhi alianza na maziwa: muuza maziwa ametia maji. Akaenda kwa kwaya: soprano wanapiga kelele. Akafika kwangu: ugali wangu ni uji, gauni langu ni la mtoto wa shule, na mtu mwenye digrii zote hizi anashindwaje kumenya ndizi bila kupoteza nusu? Nilikuwa natoka nyumbani nimechoka kabla ya kazi kuanza. Nilikuwa nafurahi pia, ingawa sikuwahi kumwambia.

Kisha shamba kubwa alilolifanyia kazi ujana wake wote likaleta mashine za kuchuma. Mama alikuwa ameshastaafu, lakini wenzake wa laini walikuwa bado wamo, na kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anakwenda kukaa nao. Wakaachishwa kazi, wakatawanyika, huyu Siaya, huyu Kakamega, huyu hajulikani. Jumapili moja akaenda akakuta milango imefungwa. Alirudi mapema, akavua viatu vya kanisani, akaviweka chini ya kitanda taratibu. Sikutilia maanani.

Siku chache baadaye nilipika, nikaharibu kama kawaida yangu, nikangoja. Mama akala kidogo, akasukuma sahani. "Ugali ni mzuri," akasema.

Niliogopa. Yawa, jamani, nacheka sasa nikikumbuka, lakini niliogopa kweli.

Baada ya hapo nilianza kuona yale ninayoyaona kazini kila siku. Alikuwa anaamka alfajiri na kukaa tu ukingoni mwa kitanda. Gauni lilimpwaya. Nikimwuliza ananijibu "niko sawa" kwa ile sauti ya mtu asiyetaka uulize tena. Halafu jirani yetu akaja mlangoni na sukumawiki za asante. Nikamwuliza asante ya nini. Akasema, "Si ni kuku, daktari! Mama amenipa wote, hata yule jogoo." Wale kuku mama alikuwa akiwapenda kuliko wajukuu wa watu. Nilimshukuru jirani, nikafunga mlango, nikakaa chini pale pale sakafuni. Mtu akianza kugawa vitu vyake bila sababu, mwongozo wowote utakaoushika unakwambia usilale.

Sasa nifanyeje? Kifungu kiko ukutani, nimekibandika mwenyewe. Nikampigia mwenzangu niliyesoma naye, daktari wa akili kule Kisumu. Akasema, "Mlete kesho." Rahisi hivyo. Nikaenda kumwambia mama.

"Kisumu?" akasema. "Huko si ndiko wako watu wangu wote? Binamu zangu wanione nimeketi kwenye foleni ya wendawazimu?"

"Basi twende Nakuru, mama. Nakuru hakuna anayekujua."

"Ndiyo nimweleze habari ya usingizi wangu mtu ambaye hata mama yake simjui." Akageukia dirisha. "Mimi nilisomesha daktari wa nini?"

"Mama, kuna sheria ya kazi. Siruhusiwi kukutibu wewe."

"Nani amesema?"

Nusura niseme ni mimi. Nikasema wakubwa wamesema.

"Sikiliza," akasema, na hapo palikuwa na cheche kidogo ya mama niliyemjua. "Fundi cherehani ambaye mama yake anashonewa nguo kwa fundi mwingine, wewe utampelekea kitambaa chako? Mji mzima utasema hujui kazi. Siendi."

Huku kwetu hoja hiyo haina jibu. Nimejaribu kulitafuta mpaka leo. Kwake yeye, kutibiwa kwingine kulikuwa ni kunitangaza. Alikuwa anazama, na bado anaogopa wateja wangu watapungua! Nilimgombeza, nikambembeleza, nikamwita mchungaji. Mchungaji akaomba vizuri sana, akanywa chai, akaniambia mlangoni kwamba mama anahitaji daktari. Nikamwambia asante, sikuwa nimewaza hilo.

Siku ya kliniki ikafika. Nilimwacha nyumbani na binti wa jirani, nikaenda kazini nikiwa na moyo mzito. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga jana yake, waya zikakatika, hospitali ikawa haina stima. Wodi zilipewa jenereta. Sisi wa stoo tukapewa pole. Nikaanza kuona wagonjwa kwa mwanga wa dirisha. Mnamo saa nne nikatoa kichwa kuita anayefuata, na pale kwenye benchi, katikati ya mzee wa Mulot na msichana wa chuo, ameketi mama. Amevaa gauni la kanisani, na kadi mpya ya hospitali ameishika kwa mikono miwili. Binti wa jirani yuko nyuma yake, ananitazama kama mtu aliyeshindwa vita.

"Mama! Unafanya nini hapa?"

"Nimepanga foleni."

"Njoo ndani basi."

"Zamu yangu haijafika," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Unataka watu waseme unapendelea?"

Mzee wa Mulot akaitikia kwamba huyo mama amesema ukweli. Nikarudi ndani nikiwa nawaka. Nikamwona kijana mmoja, nikamwona mama mwenye mtoto mgongoni, nikamwona yule mzee mwenyewe pamoja na ukoo wake. Kila mmoja nilimuuliza swali langu kama ninavyouliza siku zote, kwa neno lenyewe, bila kupunguza sauti. Redio haikulia siku hiyo, stima haikuwapo. Sikuikumbuka redio hata kidogo.

Zamu ya mama ikafika. Akaingia, akafunga mlango, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, mkoba mapajani.

"Hujambo, daktari."

"Mama, tafadhali."

"Nimekuja kutibiwa. Uliza unayouliza."

Nilitazama kile kifungu ukutani, juu ya meza, nikatazama sura yake ilivyokonda, nikajiambia nitauliza machache tu, ya kumfikisha kwa mwenzangu, hiyo si kutibu. Nikamwuliza usingizi. Akanijibu vizuri kuliko alivyowahi kunijibu nyumbani: analala kidogo, anaamka saa tisa, halali tena. Nikamwuliza chakula. Akasema chakula kimekuwa kama kutafuna karatasi. Nikamwuliza kama kuna kitu bado kinampa furaha. Akafikiri, akasema hapana, kwa unyoofu kabisa, kama mtu anayetaja mahali anapokaa. Nikaandika. 

Kisha nikafika pale penye swali. Najua nilikuwa nimefika kwa sababu nilianza kuzipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Na mawazo mabaya hakuna," nikasema. "Si ndiyo?"

Nikatikisa kichwa, mimi mwenyewe, kumwonyesha atikise.

Mama hakutikisa. Alinitazama. Alikuwa hajanitazama hivyo tangu nikiwa mtoto, nikirudi na homa kutoka shule, akinishika shingo kwa nyuma ya kiganja.

"Wale wote umewauliza vizuri," akasema. "Nimekusikia, ukuta huu ni kama haupo. Yule mzee umemuuliza. Yule mwenye mtoto umemuuliza. Nikasema sawa, kumbe anaweza, nami nikifika ataniuliza." Akashusha pumzi. "Mimi unaniuliza hivyo?"

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilitaka kusema lile neno. Nimelisema kwa polisi, kwa wachungaji, kwa mwalimu wangu wa zamani wa hesabu. Kwa mama halikutoka. Kwa sababu nikiliuliza vizuri atanijibu, na nilikuwa nalijua jibu tangu siku ya kuku, na sikulitaka. Sikulitaka kabisa. Nikaanza kulia kwenye kiti changu cha daktari, kwa kwikwi, kama mtoto wa nasari.

Mama akafungua mkoba, akanipa leso yake. "Huwezi," akasema. Hakusema kwa ubaya.

"Siwezi, mama. Siwezi kukuuliza."

"Basi niitie anayeweza."

Muuguzi wetu alikuwa chumba cha sindano. Nilimwambia kila kitu kwa maneno machache yasiyopangika, kuku, usingizi, Kisumu, siwezi. Hakuniuliza maswali. Alinawa mikono, akaifuta, akaenda kwa ule mwendo wake wa polepole ambao siku zote unanikera. Siku ile niliomba Mungu usibadilike. Akaingia kwa mama akafunga mlango. Mimi nikasimama koridoni bila kujua niende wapi. Ofisi yangu ilikuwa na mgonjwa ndani. Nikaketi kwenye benchi.

Wale wa benchi wakanisogezea nafasi. Kogo mmoja aliyejifunga shuka akanitazama, macho yangu mekundu, koti langu jeupe.

"Umeleta nani?" akaniuliza.

"Mama."

"Pole," akasema. "Mimi nimeleta mzee wangu." Akanishika mkono, akaendelea kuushika kama vile tumejuana siku nyingi.

Nilimsikia muuguzi akimsalimia mama, akimwuliza safari, akikaa kimya palipohitaji kimya. Kisha akauliza. Aliuliza kwa neno lenyewe, polepole, silabi kwa silabi, sauti ile ile aliyoulizia safari. Kukawa na kimya. Hakukijaza. Mimi ningekijaza.

"Ndiyo," mama akasema. "Nimefikiria."

Nilitaka kuinuka niingie. Kogo akaukaza mkono wangu. Nikabaki pale pale, na mama akaendelea kuongea, sauti ikishuka mpaka sikusikia maneno tena, na nikashukuru kwamba sisikii.

Baada ya muda mrefu mlango ukafunguka. Muuguzi akatazama benchi zima akaita, "Aliyekuja na huyu mama?" Nikainua mkono. Niliinua mkono kabisa, jamani, kama wale wengine. Tukaingia. Alinieleza kwamba ameshazungumza na mwenzangu wa Kisumu kwa simu, kwamba mama amekubali kwenda kesho, ila mpaka hapo asiachwe peke yake. Dawa zote za nyumbani zifungiwe, na ile ya kuogeshea ng'ombe wa jirani isikae kwenye kibanda chetu. Tukiona hivi na hivi, tumlete mara moja, saa yoyote. Ni maneno ya mwongozo wetu. Mengine niliyachagua mwenyewe kule Nakuru, tukabishana mpaka juu ya koma.

"Umeelewa, dada?" akaniuliza. Dada, si daktari.

"Rudia tena, tafadhali," nikamwambia, kwa maana sikuwa nimeshika hata neno moja.

Akarudia yote, kwa mwendo ule ule.

Mama alianza matibabu Kisumu. Kuhusu binamu zake, kwenye foleni ile ile ya kwanza alikutana na wawili, wakakumbatiana, na mmoja akamshikia nafasi. Sasa ni muda umepita. Dawa zimefanya kazi yake, na mazungumzo yamefanya yake. Kila miadi ikifika nampeleka kwa gari, nakaa nje na wenzangu walioleta watu, tunapeana karanga na kulalamikia viti. Nimejifunza pale nje mambo ambayo hayakuwa kwenye mtihani wowote. Kwa mfano, kumbe dakika za kungoja mtu wako atoke ni ndefu kuliko zote za kazi hii, na mimi miaka yote nilikuwa nazitumia kumalizia chai yangu.

Lakini kuna jambo moja nataka kulijua. Siku zile alipokuwa ameshagawa kuku, ni nini kilichomzuia? Wagonjwa wangu huniambia. Mmoja alisema ni ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, mwingine akasema ni wimbo uliopigwa mahali, wengi husema ni mtoto. Swali hilo nalo limo kwenye mwongozo, na mwenzangu wa Kisumu haruki swali. Kwa hiyo amemuuliza, na mama amejibu.

Juzi tulikuwa tunapanda kutoka Awasi, hewa imeanza kupoa, chai ya kwanza imeanza kuonekana kando ya barabara. Nikajikaza nikamwuliza, kwa maneno yenyewe, bila kuzunguka. Nilijivunia kidogo kwamba nimeweza.

Mama akatazama nje kwanza. "Hayo ni yangu na daktari wangu," akasema. "Na usimpigie simu. Hawaruhusiwi kusema."

Nikasema sawa, mama. Sijampigia. Mpaka leo sijui kama nilikuwamo kwenye jibu lake.